Nyumba ya babu Mji Mkongwe: nimwage zege, au niitengeneze kwa chokaa?

*"Asalaam alaykum. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya babu yetu iliyopo Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, uwanja mdogo katikati na mlango wa nakshi. Haijakaliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mabati yametoboka, chumba kimoja cha juu sakafu yake imeporomoka, na kuta za chini zinamenyuka ingawa marehemu mjomba alizipiga lipu ya saruji. Juu ya ukuta wa nyuma umeota mkuyu. Ndugu zangu wameridhia niichukue mimi, nami natamani kuhamia na mume wangu, watoto watatu na mama, ambaye magoti yanamsumbua. Fundi niliyempeleka anasema boriti zote zimekwisha, dawa ni kubomoa ndani kote, kubakisha kuta za nje, kusimamisha nguzo na kumwaga zege kila ghorofa, kisha lipu ya saruji na marumaru. Anasema chokaa ni mambo ya kizamani. Kuna mtu anataka kuununua mlango kwa pesa nzuri, ambazo zingetosha kuanzia kazi. Je, fundi yuko sahihi? Nyumba hii inaweza kukalika na familia ya leo, yenye vyoo, maji ya bomba na kiyoyozi? Na nianzie wapi, maana pesa zetu ni za kudunduliza?"*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Kwanza hongereni kwa kuelewana. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeanguka huku warithi wakivutana, kila mmoja akingoja mwenzake anunue bati. Nyinyi hilo limewapita. Kinachokutia wasiwasi nakielewa: unaogopa kuzika akiba ya familia katika nyumba itakayokuja kuwaangukia watoto, na unaogopa pia kuwa mtu aliyeipoteza nyumba ya babu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ushauri uliopewa unasikika kila mtaa, na ukishaufuata huna njia ya kurudi.

Jibu fupi ni hili. Fundi wako yuko sahihi kwamba zipo boriti zilizokwisha. Kwamba zimekwisha zote, hawezi kulijua hilo bila kuzichunguza moja moja. Na dawa anayokuandikia ni kali kuliko ugonjwa. Kinachoiua nyumba yako ni maji, na kila hatua utakayochukua ipime kwa swali moja: inatoa maji, au inayafungia ndani?

Ili uone kwa nini, lazima ujue nyumba imejengwaje. Ukuta wa nyumba kama yako una unene wa nusu mita na zaidi. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Una nyuso mbili zilizopangwa vizuri, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa vipande vya mawe na udongo. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mkoko, vichwa vyake vimezama ukutani pande zote mbili. Juu ya boriti kuna mawe, na juu ya mawe kokoto na chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana kuwa sakafu. Boriti ya mkoko iliyonyooka haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyenu ni virefu na vyembamba. Mti ndio ulioamua upana wa chumba.

Sasa fuata tone la mvua. Unguja inapata kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, maana yake kila mita moja ya mraba ya paa inapokea lita 1,600, na sehemu kubwa inashuka kwa mkupuo wakati wa masika. Bati likitoboka karibu na ukuta, maji yanaingia kwenye kichwa cha ukuta, mahali ambapo hapana lipu wala kinga. Yanazama kati ya zile nyuso mbili, yanalainisha udongo wa katikati na kuuteremsha kidogo kidogo. Njiani yanakutana na vichwa vya boriti, ambavyo vimefungiwa gizani bila upepo, na hapo ndipo ukungu na mchwa hufanya kazi yao. Baada ya miaka kadhaa unayaona matokeo mawili: boriti inaachia upande mmoja na sakafu inashuka, na ukuta unavimba tumbo kwa sababu uso wa nje umeachana na wa ndani. Sitashangaa kama chumba chako kilichoporomoka kiko chini ya bati lililotoboka, au chini ya ule mkuyu, au pembeni mwa choo cha zamani.

Kuta za chini zina maradhi yao. Huko maji yanatoka ardhini, yanapanda ndani ya mawe kupitia vitundu vidogo vidogo, nayo yamebeba chumvi. Ukuta uliopigwa chokaa unaachia unyevu ufike usoni na kukauka kwa upepo, na chumvi inabaki juu ambako unaipangusa kwa brashi kavu. Baada ya miaka, lipu ya chokaa inachoka na kumomonyoka, unapiga nyingine, na jiwe linabaki salama. Lipu ya saruji ni ngumu na imeziba. Kuipaka juu ya ukuta huo ni sawa na kumvalisha mtu koti la mvua juani: jasho halina pa kutokea. Unyevu unapanda juu zaidi kutafuta njia, pengine mpaka usawa wa boriti za ghorofa ya kwanza. Chumvi nayo inaganda nyuma ya lipu, punje zake zinakua ndani ya vitundu vya jiwe na kusukuma mpaka jiwe linasagika. Ndipo lipu inatoka kwa mabamba, imebeba na ngozi ya ukuta. Ukitaka kuhakikisha, gonga lipu aliyopiga mjomba kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Panapotoa sauti ya uwazi pameshaachana na ukuta. Rangi ya plastiki inafanya dhara hilo hilo, polepole zaidi. Usimlaumu marehemu, alifanya walivyofanya wengi, na saruji ilionekana ndiyo imara.

Nije kwenye zege. Kuna hoja inayorudiwa sana na wapenda nyumba za kale, kwamba zege ni zito mno kwa kuta hizi. Hoja hiyo haina nguvu. Sakafu ya boriti yenye sentimita 30 za mawe na chokaa ina uzito usiopungua wa zege la sentimita 15, na mara nyingi inalipita. Tatizo liko kwengine. Ili umwage zege kama fundi anavyotaka, lazima utoe sakafu zote, na sakafu hizo ndizo zinazoshikilia kuta zisilale. Ukizitoa kwa pamoja umebaki na ukuta wa ghorofa tatu uliosimama peke yake, wenye udongo katikati, na jirani ameegemea upande wa pili. Halafu unachimba mashimo ya nguzo pembeni mwa msingi ambao wenyewe hauendi chini sana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883 wakati wa Sayyid Barghash, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Nalitaja ili ujue kwamba nyumba hizi haziko hatarini zinapotelekezwa tu. Zinapoguswa pia, na saa ya kuguswa ndiyo inayotaka uangalifu kuliko zote.

Na hata kazi ikimalizika salama, kuna nondo. Hewa ya bahari ina chumvi, mchanga unaouzwa mara nyingi una chumvi, ukuta wenyewe una chumvi. Chumvi ikiufikia chuma, kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Tembea mitaa ya Mji Mkongwe ukitazama juu, utaziona roshani za zege ambazo hazina umri wa mtu mzima, nondo ziko nje. Wakati huo huo boriti ya mkoko iliyobaki kavu inabeba mzigo kwa zaidi ya miaka mia. Sisemi zege ni haramu. Kijumba kipya kinachosimama kwa msingi wake, kisichoegemea ukuta wa kale, kinaweza kuwa cha zege, kikipata kibali. Ninachokataa ni kuukamata ukuta unaopumua na kusogea kidogo kidogo kwa majira, ukaufunga kwenye fremu isiyosogea.

Kuhusu "boriti zote zimekwisha", kazi ya kulijua hilo unaweza kuianza mwenyewe, katika vyumba ambavyo sakafu yake haijashuka. Chukua bisibisi ndefu, tochi na ngazi, ukiwa na mtu wa kushika ngazi. Katikati ya boriti huwa pazima. Usipoteze muda hapo. Nenda palipo na makutano ya boriti na ukuta, chomeka bisibisi kwa nguvu ya mkono kutokea chini na pembeni. Nzima itakataa na utasikia mti. Mbovu itakuonesha sura ya kawaida kabisa, imepakwa chokaa nyeupe, kisha bisibisi inazama mpaka kwenye mpini na ukiitoa inafuatana na unga wa kahawia. Iwekee alama ya rangi na uendelee. Kwa uzoefu wangu, nyumba iliyoachwa miaka kumi huwa na ubovu uliojikusanya chini ya matobo ya paa na karibu na vyoo, na vyumba vingine vyote boriti zake ni za kudumu bado.

Boriti mbovu hutengenezwa bila kubomoa nyumba. Unasimamisha mirunda chini ya sakafu, kuanzia ghorofa ya chini kabisa kwenda juu ili mzigo ufike ardhini, kisha unabadilisha chache kwa wakati mmoja, si chumba kizima. Ikiwa mti ni mzima na kichwa tu ndicho kilichooza, unapitisha mhimili wa mbao ngumu ubavuni mwa ukuta, juu ya mawe yaliyotokezwa, ukazibeba boriti zote za upande huo. Wakati huo huo toa matabaka ya ziada ya sakafu. Kila kizazi kiliongeza chokaa juu ya chokaa, baadaye saruji juu ya chokaa, na si ajabu kukuta mzigo mkubwa usio na kazi. Boriti mpya za mkoko hazipatikani ovyo kwa sababu mikoko inalindwa, na ni haki ilindwe. Nunua penye kibali. Mvinje hutumika badala yake lakini unaliwa haraka usipotiwa dawa. Mbao ngumu zilizopasuliwa ni ghali zaidi, ila zinanyooka na kudumu. Vyovyote iwavyo, kichwa cha boriti kipakwe dawa ya mchwa na kiachiwe nafasi ya upepo, kisizibwe kwa saruji.

Nianzie wapi? Paa. Wengi huanza na vyumba wanavyoviona, wanapiga lipu, wanapaka rangi, masika yanakuja na kuondoa kila kitu. Pesa zako za kwanza ziende kwenye kenchi na mabati, na hasa kwenye mfereji ulio nyuma ya ukingo wa ukuta, maana huko ndiko majani hujaa na maji kufurikia ndani. Bomba la kuteremshia maji liwe pana, lishuke upande wa nje, na lisimwage kwenye msingi. Kama paa la jirani linamwaga kwenye ukuta wenu, zungumzeni sasa, mkiwa bado mnapendana. Kama huna uwezo wa paa zima mwaka huu, weka mabati ya muda na maturubali kabla ya Machi, funga madirisha yaliyovunjika, weka mirunda penye alama za rangi. Nyumba iliyozuiliwa maji na kushikiliwa inaweza kukungoja miaka mitatu bila kupoteza kitu. Hili ndilo linalowafaa watu wa kudunduliza kama nyinyi: kazi ya nyumba hizi inagawanyika vizuri kwa misimu. Kazi ya zege haigawanyiki. Ukiishiwa katikati, unabaki na gofu lenye nguzo.

Mkuyu usiung'oe. Mizizi yake imepita kati ya mawe, ukiivuta inashuka na ukuta. Kata shina, paka dawa ya kuua mti kwenye kisiki kikiwa kibichi, ngoja ufe kabisa, kisha fundi afungue mawe ya juu kidogo kidogo, atoe mizizi inayotoka kwa urahisi na kuiacha iliyokufa ndani zaidi, ajaze kwa chokaa.

Baada ya paa, toa lipu yote ya saruji ya chini, kisha usifanye kitu. Najua ni vigumu kumlipa mtu abomoe lipu halafu ukae unautazama ukuta uchi, lakini ukuta ulioloa kwa miaka unahitaji kaskazi nzima kukauka, pengine mbili. Fungua madirisha, pangusa chumvi inayotoka, usiioshe kwa maji. Lipu mpya ya chokaa juu ya ukuta mbichi itaharibika, na fundi wako atasema si nilikwambia.

Chokaa yenyewe si mambo ya kizamani, ina masharti yake tu. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuu, linapoteza hewa ya ukaa, linazimwa kwa maji, na likishapakwa ukutani linaivuta hewa ile ile tena polepole mpaka linarudi kuwa jiwe. Safari hiyo ni ya wiki na miezi, wakati saruji inashika kwa saa chache, na hapo ndipo mafundi wenye haraka wanapokosana nayo. Sehemu moja ya chokaa iliyorowekwa vizuri kwa tatu za mchanga usio na chumvi ni mwanzo mzuri. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukiletewa bure. Tabaka liwe jembamba, kama sentimita moja, na likae kabla ya kupandisha jingine. Lisipigwe na jua: tundika magunia yaliyoloweshwa na urashie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Lipu ya chokaa iliyokaushwa kwa haraka hupasuka na kuwa unga, na hapo watu husema chokaa haina nguvu. Ukuta ukimalizika upakwe chokaa nyeupe, hiyo hiyo ya kawaida. Na tafadhali, watoto wasikaribie pipa la kuzimia chokaa. Linachemka, na tone moja likiingia jichoni linaweza kupofua. Mafundi wavae miwani na maji safi yawe karibu.

Fundi wa chokaa atapatikana, ila usimchukue kwa maneno. Mwambie akupigie kipande cha ukuta mita moja kwa moja, mlipe, na urudi kukitazama baada ya mwezi. Pengine fundi wako huyu huyu atakubali kujifunza. Kama ana mkono mzuri, ningependa hivyo kuliko kumfukuza. Jumba la Zahanati ya Kale pale Malindi, lililokamilika 1894, lilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni katika miaka ya 1990, na kazi za namna hiyo zimeacha mafundi wenye ujuzi mjini. Waulize wenye nyumba zilizotengenezwa vizuri ni nani aliyewafanyia.

Sasa maisha ya familia. Ndiyo, nyumba itakalika, na itakalika vizuri: kuta nene zinapunguza joto la mchana, dari ziko juu, uwanja wa katikati unavuta hewa. Kinachotakiwa ni kuweka mambo mapya mahali nyumba inapoyakubali. Vyoo na jiko vikae upande ambao choo cha zamani kilikuwa, kimoja juu ya kingine, mabomba yapite wazi nje ya ukuta ambako utaona likivuja. Bomba lililofukiwa ukutani litavuja miaka miwili kabla hujajua, na boriti zitajua kabla yako. Usikubali kila chumba cha kulala kiwe na choo chake juu ya sakafu ya boriti, hata kama ndivyo hoteli zinavyofanya. Vyoo viwili vilivyojengwa vyema, vyenye sakafu isiyopitisha maji na mwinamo wa kweli, vinawatosha watu sita. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Liweke chini uwanjani na pampu ndogo ipandishe maji. Nimeona sakafu nzima za juu zikilalia upande kwa sababu ya matangi mawili ya plastiki.

Umeme urudiwe wote, nyaya zipite ndani ya mabomba yaliyobandikwa juu ya lipu, na fundi awe mwenye leseni, maana ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, watataka kukagua kabla ya kuunganisha na wewe mwenyewe unalala humo na watoto. Kiyoyozi kiwe cha chumba kimoja au viwili vya kulala, maji yake yapelekwe kwenye mfereji, yasichuruzike ukutani kama tunavyoona kila kona. Kwengine tumia feni na madirisha ya vipande yenye kupitisha upepo. Ukiifunga nyumba nzima kwa baridi, unyevu unakosa pa kwendea na utaanza kuona ukungu kabatini.

Mama ndiye anayenifikirisha zaidi. Ngazi za nyumba hizi ni za wima na vidato havilingani, na huwezi kuzilaza bila kubomoa. Kwa hiyo chumba chake kiwe chini. Lakini chini ndiko kwenye unyevu. Zamani palikuwa pa maduka na stoo, familia iliishi juu penye upepo. Basi mchagulie chumba kinachofungua uwanjani, kiwe cha kwanza kutolewa saruji na cha mwisho kupigwa lipu, sakafu yake isiwe marumaru inayong'aa, kitanda kisigusane na ukuta, na choo kiwe usawa mmoja na chumba. Kama baada ya misimu miwili ukuta bado unaloa, kubali kwamba mama hatakaa hapo, na mpange vyengine. Nakwambia mapema ili usije ukalazimisha.

Kwa watoto, angalia vizuizi vya roshani na ngazi, kisima au birika lenye mdomo wazi, na mlango wa kuelekea paani. Milango ya zamani iliyopakwa rangi ya mafuta usiikwangue kavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Lowesha kwanza, na kazi hiyo ifanyike kabla hamjahamia.

Kuhusu sheria, Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hakuna kazi ya kubomoa, kujenga au kubadili inayofanyika bila kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata ikiwa ya ndani. Nenda pale mapema, kabla ya kuchora chochote, ukiwa na picha za kila chumba. Watu huwaogopa, lakini mpango wa fundi wako wa kubomoa ndani ungeweza kukuletea amri ya kusimamisha kazi nusu ya ukuta ukiwa wazi. Kabla ya hapo, hakikisha karatasi. Ridhaa ya ndugu iwe ya maandishi na mirathi iwe imekamilika kisheria. Hakikisha pia kwamba nyumba si wakfu na si miongoni mwa zile zilizobaki mikononi mwa serikali baada ya 1964, kwa sababu zipo familia zilizokaa miaka mingi wakidhani ni yao. Kama kuna mrithi aliyechukua uraia wa nchi nyingine, mwone wakili wa Zanzibar, maana umiliki wa ardhi hapa una masharti.

Unazo pia njia nyingine, nami sitakuficha. Unaweza kuikodisha kwa muda mrefu kwa mtu wa hoteli naye akaitengeneza. Pesa huna haja ya kutafuta, lakini soma mkataba uone nani anabeba jukumu la kuta, na jua kwamba watoto wako watakuwa watu wazima kabla haijarudi. Unaweza kuuza. Hiyo si aibu ikiwa mhandisi atakwambia ukuta wa barabarani umeshaachana na ndani kwa urefu wote, kwa sababu kuujenga upya ni kazi ya pesa nyingi kwa mara moja, na hapo kudunduliza hakusaidii. Kwa dalili ulizonieleza, sakafu moja, paa, chumvi chini, mti mmoja, sioni kwamba mmefika huko. Ningeitengeneza. Na katika kila bajeti utakayoandika, theluthi moja iache bila jina, kwa yale yatakayoonekana lipu ikitoka.

Kabla ya yote hayo, mlete mhandisi wa majengo aliyewahi kushughulikia nyumba za mawe na boriti, si wa zege peke yake. Mimi nimesoma barua. Yeye ataushika ukuta. Atapima kwa timazi kama kuta zimelala, na atabandika vipande vya kioo kwa plasta juu ya nyufa na kuviandika tarehe: kioo kikipasuka, ufa unatembea. Ufa wenye vumbi na utando wa buibui ndani ni wa zamani. Wenye kingo kali na weupe ni wa juzi. Msilale humo, wala mafundi wasilale humo, mpaka amekagua. Na kabla hajafika, ukiona tumbo la ukuta limeongezeka, mlango uliokuwa ukifunguka umekwama ghafla, vumbi linashuka bila mtu kutembea juu, au kichwa cha boriti kimetoka kwenye tundu lake, toka, mwambie na jirani atoke, na ripoti siku hiyo hiyo. Hatari haiishi mvua ikikatika. Ukuta ulioloa huweza kuanguka siku kadhaa baada ya jua kurudi.

Mlango usiuuze. Umehesabiwa pamoja na nyumba, kwa hiyo kuung'oa bila kibali ni kosa. Zaidi ya hapo, fremu yake imeshikana na mawe ya pande zote na ukuta wa juu umeizoea; ukiitoa, umefungua tundu kubwa katika ukuta ambao kwa sasa ndio unaokubebea nyumba. Upige mafuta ya kutunzia mbao, ufunge vizuri, kagua kizingiti chake cha chini kama kimeliwa, na huyo mnunuzi mwambie umeshahamia. Pesa za kuanzia zinazohitajika ni za mabati ya muda, mirunda na siku moja ya mhandisi. Hizo mkichangishana ndugu wote, hata wale wasiokuja kuishi humo, zitapatikana kabla ya masika.